Parfe ya gari ikae mwezi muzima: angalia mulango kabla ya marashi

Mashofere wa hapa Goma wananiulizaka swali moja tu, wa teksi, wa bisi za Sake, hata wale wanaobeba wageni: "Yaya, tuweke mafuta gani ndani ili harufu ikae?" Mimi ninawajibu kila mara kwamba mafuta ni jambo la pili. La kwanza ni mulango, ile fasi harufu inapitia ikitoka ndani ya chupa, ndani ya jiwe, ndani ya karto, kuingia kwenye hewa. Weka marashi ya bei kali ndani ya kitu chenye mulango wazi, siku tatu imeisha, na hizo siku tatu abiria wameumwa kichwa. Weka mafuta ya mchaichai ya kawaida nyuma ya mulango mwembamba wenye umepimwa muzuri, harufu inaweza kufika mwezi. Nataka nieleze hii jambo polepole leo juu naona watu wengi wameanza kutengeneza hizi vitu nyumbani, vijana wa Himbi, wamama wa saluni Majengo, na mafuta mingi inapotea bure.

Tuanze na harufu yenyewe. Ni molekuli ndogo ndogo zenye zinatoka kwenye mafuta na kuruka mpaka kwenye pua, na kila molekuli iko na mwendo wake. Limoneni, yenye iko ndani ya ganda la chungwa, inakimbia haraka sana. Sitrali, ile inafanya mchaichai unuke mchaichai, iko polepole kidogo. Eujenoli ya karafuu polepole tena. Vanilini, yenye inatoa harufu ya vanila, kwa joto la kawaida ni unga mukavu, inayeyuka paka ukipita digrii 80, na limoneni inaipita maelfu ya mara kwa nguvu ya kuruka hewani. Sasa changanya zote kwenye chupa moja, fungua, acha juu ya meza: siku ya kwanza nyumba yote ni chungwa, wiki mbili baadaye umebaki na vanila na karafuu. Mutu anasema imeisha. Haijaisha, mafuta mingi bado iko pale, ila sehemu ya mbele imekimbia yote na ya nyuma peke yake haina nguvu ya kujaza chumba.

Watengenezaji wa marashi ya mwili wanaijua sana hii, wanapanga makusudi harufu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kwenye ngozi hiyo safari njo uzuri wenyewe. Lakini kwa kitu cha gari ao cha chumba unataka siku ya 25 ifanane na siku ya 2. Hii ni ufundi mwingine kabisa, na mimi njo ninaipendea hapo.

Halafu kuna Goma yetu. Tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, hewa hapa ni nyepesi, maji ya chai inachemka kwenye digrii 95 hivi badala ya 100. Molekuli inapenya ndani ya hewa nyepesi kwa urahisi zaidi, karibu asilimia 20 haraka kuliko kwenye mji wa pwani kama joto ni sawasawa. Ila joto letu halilingani na la pwani, ndani ya nyumba za Goma tuko na digrii 19 ao 20 mwaka muzima, na ubaridi huo unatusaidia sana, juu kila ukiongeza digrii 10 limoneni inaruka karibu mara mbili. Kwa hiyo ile kopo yenye wameandika "siku 30" inaweza kukaa hata zaidi kwenye salon ya Katindo. Kwenye gari ni maneno ingine. Teksi imeegeshwa kwa jua karibu na Signers, vioo vimefungwa, ndani inapanda mpaka digrii 50, na kutoka 20 mpaka 50 limoneni inaongeza nguvu ya kuruka zaidi ya mara 6. Shofere anakuja kulalamika kwamba parfe yake ilikufa ndani ya wiki moja. Ilikufa saa sita mchana, kila siku, huku yeye anakula sambaza pembeni ya barabara.

Sasa ile mti ya karto, mnaijua wote, inaning'inia kwenye kioo cha karibu kila gari ya hapa, ya kijani, ya nyeusi, za bandia na za kweli. Ilitengenezwa mwaka 1952 na Julius Sämann, mtu wa kemia, kule Watertown katika jimbo la New York. Inasemekana shofere wa gari ya maziwa alimulalamikia harufu ya maziwa yenye ilimwagika, na Sämann alikuwa amekwisha kusoma mafuta ya miti ya misonobari kwenye mapori ya Canada, akachukua karto nene yenye kunywa maji, akaitia harufu. Kitu chenye ninakipenda zaidi kwenye hiyo kazi si karto, ni ile sashe ya juu, ile selofani. Watu wanaona ni kifungashio tu. Ile njo mulango! Maelezo yao yanasema ukate juu tu, utoe kichwa cha mti, halafu kila wiki ushushe sashe kidogo. Kwa namna hiyo eneo lenye liko wazi linaongezeka polepole huku mafuta ya juu inapungua, na harufu inabaki karibu sawa. Hapa kwetu mutu anaipasua yote siku ya kwanza, anaitupa sashe nje ya dirisha, gari inanuka mpaka unakohoa, siku ya nne karto ni karto. Ningeomba mashofere wote wenye wanasoma wajaribu hiyo moja tu, wasiongeze pesa, waache sashe.

Wenye kutaka kutengeneza wenyewe wasogee karibu hapa, juu kuna hesabu kidogo na haiogopeshi.

Chukua mililita 10 za mafuta ya harufu, ni karibu gramu 9. Ukitaka ikae siku 30, iko na haki ya kutoka gramu 0.3 kwa siku, haipaswi kuzidi. Hiyo njo namba ya kuanzia, kila kitu kingine ni kutafuta mulango wenye unapitisha gramu 0.3. Daktari mumoja Mjerumani, Adolf Fick, aliandika mwaka 1855 sheria yenye tunatumia mpaka leo: kinachopita kinaongezeka kama eneo linaongezeka, na kinapungua kama ukuta unakuwa munene. Ukiongeza ukuta mara mbili, kinachopita kinakuwa nusu. Basi. Na sashe ya polietileni ya kawaida, ile laini, inafanya ukuta muzuri wa kushangaza, juu maji haipiti lakini limoneni inapita, ndani ya plastiki yenyewe, bila tundu lolote. Jaribu kufunga maganda ya machungwa ndani ya sashe, ifunge kabisa, kesho yake nusa inje. Chupa ya kioo haifanyi hivyo. Ndiyo maana zile parfe za kisasa zenye ziko na kikopo cha maji ya rangi na ngozi nyembamba mbele zinakaa muda mrefu: ndani kuna mafuta, mbele kuna membrani, na muda wowote kungali mafuta nyuma yake, kinachotoka leo na kinachotoka wiki ijayo vinakaribiana. (Wa hapa mpakani wakumbuke kwamba Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008, kwa hiyo majaribio ya sashe mubaki nayo upande huu.)

Kitu kilicholowana tu, karto ao jiwe ao kamba, hakifanyi hivyo. Mutaalamu wa dawa wa Marekani, Takeru Higuchi, alionyesha mwaka 1961 vile dawa inatoka ndani ya pomade, na hesabu yake inafaa sana kwa harufu yetu: inaenda na kipeuo cha pili cha muda, maana yake kama siku ya kwanza imetoka asilimia 10, ili itoke 20 unangoja siku ya 4, ili itoke 40 unangoja siku ya 16. Mwanzo mukali, kisha inalegea, inalegea, inalegea. Sababu yake ni rahisi: mafuta ya juu imetoka, ya ndani iko na safari ndefu zaidi kila siku. Ukielewa hii utaacha kuongeza mafuta kila mara harufu inalegea, juu kuongeza kunarudisha tu ule ukali wa siku ya kwanza.

Na hapa ninafika kwa mawe.

Hakuna mji wenye uko na mawe kama yetu. Lava ya 1977, ya 2002 yenye ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ya tarehe 22 Mei 2021 yenye ilisimama karibu na Buhene, tunaikanyaga, tunajengea kuta, watoto wanakaa juu yake wakingoja maji. Na jiwe la Nyiragongo, volkano yetu, liko na matundu, gesi ilikuwa inatoka huku lava inapoa na ikaacha vyumba ndani. Nilipoanza kulifikiria kama kitu cha kubeba harufu, watu walinionyesha lile la matundu makubwa, linapendeza kwa macho, lakini halifai. Tundu kubwa haliwezi kushika mafuta, inatiririka chini inachafua kiti. Unataka matundu madogo, yale huoni muzuri bila kusogeza jicho, juu tundu likiwa dogo njo linavuta na kushika maji. Namna ya kulijua ni rahisi: pima jiwe likiwa kavu, liache ndani ya maji usiku muzima, pangusa, pima tena. Uzito wenye umeongezeka njo nafasi yenye uko nayo kwa mafuta. Mawe mawili ya ukubwa sawa, kutoka fasi moja, yanaweza kupitana mbali sana, kwa hiyo ninayachagua moja moja na mizani ndogo ya wauza dhahabu. Kisha kuosha na burashi mpaka vumbi yote itoke, na kukausha ndani ya furu mpaka uzito usibadilike tena, juu maji ikibaki ndani ya tundu mafuta haiingii.

Jiwe peke yake, lililolowana na kuachwa wazi, linafanya kama Higuchi alivyosema, mwanzo mukali. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kuchanganya mafuta yenye kuruka na mafuta yenye hairuki, mimi ninatumia mafuta ya mbarika (ya mawese inachacha na rangi yake inachafua, achana nayo), juu kila molekuli ya sitrali ikizungukwa na mafuta nzito nguvu yake ya kutoka inapungua. Wengine wananiletea glisirini ya farmasi, nawaambia glisirini na mafuta ya chungwa havichanganyikani, utaona tabaka mbili kwenye chupa, na wale wa maji ni vilevile. Dawa ya pili ni nta ya nyuki. Unayeyusha nta, inayeyuka kwenye digrii 62 mpaka 64, unalichovya jiwe kwa upesi likiwa limekunywa mafuta, unatoa, na sasa jiwe liko na ngozi nyembamba pande zote. Sitrali inapita ndani ya nta, lakini inapita kwa kujivuta, na kwa kuchovya mara moja ao mara mbili unachagua unene wa ukuta, Fick yuleyule. Kisha unakwangua upande mumoja tu, kadiri ya kucha, njo mulango wa siku za kwanza.

Nilipenda sana kuona vile uzito unashuka asubuhi kwa asubuhi. Jiwe la wazi linaporomoka na kisha linalala, jiwe la nta linashuka kwa mustari karibu munyoofu. Ukichora kwenye karatasi ya hesabu utaelewa bila maneno yangu.

Tena ninasisitiza mizani, usitegemee pua. Pua inazoea. Ukikaa kwenye harufu ile ile dakika kumi na kitu, ubongo unaiweka pembeni, hauna tena habari nayo. Mama mumoja wa saluni Birere alinirudishia kopo akaniambia, "Mwanangu, hii imekufa." Muda ule ule muteja akaingia kutoka inje, hata hajakaa, akauliza, "Mama, leo munapika mchaichai?" Tukaangaliana. Kopo ilikuwa nzima. Kwa hiyo muzalishaji mwenye anatengeneza harufu kali ili mwenye nyumba aisikie siku nzima anapigana vita vya bure, atawaumiza wageni na mwenye nyumba hatasikia kitu. Ni bora harufu ndogo yenye kukatika na kurudi, ndiyo maana kule kwenye umeme wa kudumu wanauza mashini za kuchomeka zenye kupasha joto kwa muda na kuzima. Kwa sisi wenye umeme wa kukatika sitaziongelea zaidi.

Kuna namna zingine za maabara kubwa. Kuna siklodekstrini, pete ya sukari saba yenye shimo katikati lenye linaweza kushika molekuli ya harufu, ao ya harufu mbaya, na Febreze, ile dawa ya kupuliza ya kuondoa harufu, yenye ilienea Marekani mwaka 1998 ilijengwa juu ya hiyo. Kuna vikapsuli vidogo vya plastiki vyenye kupasuka ukivisugua. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria ya kukataza plastiki ndogo za kutia makusudi ndani ya bidhaa, na kapsuli za harufu zikapewa miaka michache ya kubadilika. Mimi ninafurahi, ziwa letu halihitaji hizo.

Sasa sehemu yenye naomba musiruke.

Zile mipira nyeupe za naftalini, zenye zinauzwa kila kona ya soko la Virunga kwa kuweka kabatini na kwenye twalete, ni parfe yenye kutoa polepole kweli kweli, inatoka kwenye ugumu moja kwa moja mpaka hewani bila kuwa maji, kiufundi ni kazi nzuri. Lakini kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa enzimu yenye inaitwa G6PD, na upungufu huo uko mwingi kwenye nchi za malaria kama yetu, na muzazi mara nyingi hajui. Mutoto huyo akivalishwa nguo ao kufunikwa blanketi lililolala ndani ya naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kupasuka, anakuwa manjano, anakosa damu. Wamama wanaoweka nguo za mutoto kwenye sanduku wakingoja azaliwe, nawaomba, musitie naftalini ndani, weka mchaichai mukavu, weka majani ya mikalitusi, ao usiweke kitu. Na ile nyingine ya twalete, paradiklorobenzeni, Ulaya waliikataza kwenye vitu vya kunukisha hewa mwaka 2014, kwa sababu ya hofu ya kansa.

Hata mafuta ya majani si maji ya baraka. Limoneni ikikutana na ozoni hewani inazaa formaldehidi kidogo, kwa hiyo chumba kidogo chenye mutu wa asima kinahitaji dirisha kuliko jiwe langu. Na kitu chochote cha kunuka muzuri hakisafishi hewa. Sisi wa Goma tunajua kuliko watu wote, juu tuko na mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inatoka chini ya mawe, nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo upande wa Lac Vert, haina harufu hata kidogo na inaua mbuzi na watoto. Moshi wa mbabula uliowashwa ndani usiku ni hivyo hivyo, gesi yenye inaua haina harufu. Ukiona mutu anatia parfe ili chumba cha mbabula "kipendeze", fungua mulango kwanza, muongee kisha.

Kitu kimoja bado kinanisumbua kwenye jiwe la nta. Ile jeli ya kunukisha ya dukani inajikunja maji yake ikitoka, mutu anaona kwa macho kwamba imekwisha. Jiwe langu halibadiliki, siku ya kwanza na siku ya mwisho ni jeusi lile lile, na nimesema pua haiaminiki. Sasa ninajaribu kutia pembeni yake karatasi nyembamba iliyolowana mafuta ya mbarika na mchaichai kwa kipimo kile kile, ndani ya nta ile ile, yenye rangi ya binzari ndani, ili nione kama itakauka na kufifia kwa muda sawa na jiwe. Mafuta ya mbarika hairuki, kwa hiyo karatasi haikauki kabisa, na binzari inafifia juu ya mwanga zaidi kuliko juu ya muda. Mwenye kujua rangi ya majani yenye inavumilia jua la kioo cha gari aniandikie. Kwa sasa mashofere ninawapa jiwe ndani ya kopo ya bati yenye tundu moja, nawaambia walitie chini ya kiti na wasiliweke mbele kwenye dashibodi pale nta italainika, na nawaandikia tarehe kwa bik chini ya kopo.